Redio ya valvu na santuri tatu za mzee: uchambuzi wa kisa kimoja, Lubumbashi

Mwenye redio ameruhusu kisa chake kielezwe. Jina lake, mtaa wake na chapa ya redio nimeviondoa, maana mitaa ya kwetu inajuana. Kazi ya ufundi ilikuwa yangu na kijana ninayemfundisha. Makosa yatakayotajwa hapa chini mengi ni yetu wenyewe, na ndiyo yaliyonifanya niandike.

Chombo na aliyekileta

Mama mmoja, mwalimu wa shule ya msingi anayekaribia kustaafu, alituletea redio kubwa ya mbao yenye pikapu (mashine ya kupigia santuri) chini ya kifuniko chake, ile ambayo wazee wa Lubumbashi huiita posti. Marehemu baba yake aliinunua alipokuwa mfanyakazi wa migodi, enzi mji ungali ukiitwa Élisabethville, jina lililodumu hadi 1966. Ilikaa sebuleni kambini, ikahamia mtaani pamoja na familia, na mzee alipofariki ikawekwa stoo. Kwa hesabu ya mama, haikuwashwa kwa zaidi ya miaka 20.

Pamoja na redio alileta mfuko wa kitambaa wenye santuri tatu za 78, zile zinazozunguka mara 78 kwa dakika, zote za gitaa na zote za Kiswahili cha huku. Anayejua muziki wa Katanga anajua uzito wa mfuko kama huo. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alipita Jadotville, Likasi ya leo, akamrekodi Mwenda wa Bayeke na gitaa lake. Haikuchukua muda wapiga gitaa wa Nairobi wakawa wanauiga mtindo wa vidole vyake. Santuri za mama si za Mwenda. Ni za wapigaji wa kizazi kilekile ambao sifa zao hazikuvuka mbali, na karatasi ya katikati ya santuri moja imefutika kabisa. Hakuna duka utakaloingia ukanunue nyingine.

Tulimuuliza anataka nini hasa. Akajibu: «Papa, sitaki redio ya kupamba nyumba. Mi nataka kusikia vile tulikuwa tunasikiaka.» Niliyaandika maneno hayo kwenye daftari la kazi, chini ya tarehe. Baadaye yalitusaidia kuamua mambo kadhaa.

Yaliyotokea kabla haijafika kwetu

Historia ya ugonjwa haikutoka yote mara moja. Mpwa wa mama, kijana mwenye nia njema, ndiye aliyeitoa redio stoo, akaipangusa vumbi na kuichomeka ukutani moja kwa moja. Jicho la kijani, taa ndogo inayoonyesha kama stesheni imekamatwa vizuri, likawaka, ukasikika mvumo mzito, na baada ya kama dakika kumi ikaja harufu ya lami inayoungua. Kisha kimya. Fundi wa jirani akaifungua, akakuta njia ya umeme imekatika kwenye transfoma, akaiunganisha kwa kipande cha waya wa shaba. Redio ikawaka tena, mvumo uleule, harufu ileile, na safari hii kijana akaogopa akachomoa.

Jambo la pili mpwa alilitaja mwishoni, akiwa ameshasimama aondoke: alikuwa ameisafisha santuri moja kwa alkoli ya famasi, kwa kuwa inasafisha vizuri kioo cha simu. Nikaliandika pembeni mwa ukurasa, herufi ndogo, bila kupigia mstari. Hapo ndipo tulipoanza kukosea.

Kwanza macho, umeme baadaye

Siku mbili za mwanzo hatukuwasha kitu. Tulitoa kifuniko cha nyuma, tukafyonza vumbi jekundu kwa brashi laini na pampu ya baiskeli, tukapiga picha kila pembe kabla ya kugusa waya wowote. Valvu, yaani vile vichupa vya kioo vilivyofanya kazi ya transista za leo, zilikuwa saba, mpangilio wa kawaida kabisa wa redio za Ulaya za mwisho wa miaka ya 1950: ECC85 kwa FM, ECH81, EBF89, EABC80, EL84 ya kutoa sauti, EZ80 ya kugeuza umeme wa AC kuwa DC, na EM80 ambayo ndiyo jicho la kijani. Nilifurahi kuiona herufi E mwanzoni. Herufi hiyo humaanisha nyuzi za valvu zinapashwa kwa volti 6.3 kutoka kwenye transfoma. Zingekuwa za U, kama UCH81 au UCL82, mara nyingi hapana transfoma ya kututenga na ukuta, na chasisi yenyewe, fremu ya chuma ya redio, inaweza kuwa na umeme wa moja kwa moja. Fundi anayefungua redio ya kale bila kuangalia herufi hiyo anacheza na roho yake.

Waya wa shaba wa jirani tuliuona mara moja. Ulikuwa umeruka kipande kidogo chenye springi, kilichoshikwa kwa risasi laini ya kulehemu juu ya transfoma. Kipande hicho ni fyuzi ya joto. Transfoma ikichemka kupita kiasi, risasi inayeyuka, springi inaruka, umeme unakatika. Kwa hiyo ile mara ya kwanza redio «ilipokufa», ilikuwa imejiokoa. Ule waya wa shaba uliondoa ulinzi wa pekee uliokuwepo, na kama mpwa asingechomoa mara ya pili, leo nisingekuwa na transfoma ya kuandikia habari. Tuliutoa waya, tukaweka fyuzi ya joto mpya ya aina ile inayofichwa ndani ya injini za feni, na kwenye waya wa kuingia tukaongeza fyuzi ya kawaida ya miliampea 500. Redio hii inakula kama wati 60, yaani chini ya miliampea 300 kwenye volti 220, hivyo 500 inatosha.

Balbu ya wauza vifaranga

Chombo muhimu kuliko vyote katika kazi hii ni balbu ya zamani ya wati 60, ile yenye uzi unaowaka, iliyofungwa kwa mfululizo na redio. Redio ikiwa na shoti, balbu inawaka kwa nguvu zote na umeme mwingi unaishia kwenye balbu badala ya kuunguza kitu ndani. Redio ikiwa salama, balbu inamweka kidogo kisha inafifia. Balbu ya LED haifai hata kidogo kwa kazi hii. Siku hizi zile za uzi ni nadra madukani, lakini wauza vifaranga bado wanazo kwa sababu vifaranga vinahitaji joto lake. Yetu tuliinunua kwao, soko la Kenya, hapahapa Lubumbashi.

Tulichomoa EL84 kwanza, kisha tukawasha kupitia balbu. Balbu ikafifia vizuri: transfoma nzima, hakuna shoti kubwa. Hapo tukapima sehemu ambayo kila fundi wa redio za valvu lazima aipime kabla ya yote, yaani pini namba 2 ya soketi ya EL84, ambayo ni gridi (sehemu inayoongoza kiasi cha umeme unaopita kwenye valvu), dhidi ya chasisi. Pale panapaswa kuwa na sifuri. Testa ikasoma 6, tena chanya.

Hizo volti sita ndizo zilizoleta harufu ya lami. Kati ya anodi ya EABC80, mahali sauti inapotokea, yenye kama volti 90, na gridi ya EL84 kuna kapasita ndogo ya karatasi iliyofunikwa lami. Kazi yake ni kupitisha sauti na kuzuia DC. Karatasi ikizeeka inanyonya unyevu na kuanza kuvujisha, na misimu yetu ya mvua, kuanzia Novemba hadi mwanzoni mwa Aprili, inaisaidia kuzeeka. Volti chanya zikifika kwenye gridi, EL84 inafunguka kuliko inavyotakiwa. Kwa hesabu ya haraka ilikuwa ikipitisha miliampea 75 hivi badala ya 48, na joto lake kufika wati 17 wakati kikomo chake ni 12. EZ80 nayo, ambayo imeundwa kutoa miliampea 90 kwa redio nzima, ikalazimika kutoa zaidi ya 100. Valvu, transfoma, fyuzi ya joto: vyote viliteseka kwa ajili ya kapasita moja isiyozidi urefu wa kidole gumba.

Tukabadilisha kapasita zote za karatasi, tisa kwa jumla, tukaweka za plastiki za volti 630. Nusu yake tulizitoa kwenye televisheni za mgongo zilizokufa, ambazo mafundi wa hapa huzitupa bure. Zile kapasita za kauri na za mika hatukuzigusa, na wala hatukugusa skrubu za koili za kutafutia stesheni. Mwanafunzi wangu alitaka «kuzikaza» kwa kuwa zilionekana zimelegea. Skrubu hizo ndizo zinazopanga masafa, na kiwanda kiliziacha hapo kwa vipimo.

Kapasita kubwa ya kuchujia umeme ilikuwa imekauka, na ndiyo iliyoleta mvumo. Hapa tulibishana kidogo. Mwanafunzi wangu alikuwa na kapasita za maikrofaradi 220 alizotoa kwenye pawa sapulai ya kompyuta, akasema kubwa zaidi itachuja vizuri zaidi. Nikamwonyesha mambo mawili. Kwanza zimeandikwa volti 200, na hapa tunahitaji zaidi ya 300. Pili, EZ80 hairuhusu zaidi ya maikrofaradi 50 mbele yake, maana kila redio inapowashwa kapasita tupu inavuta umeme kwa kishindo, na kishindo kile kinaila kathodi ya valvu, sehemu inayotoa elektroni. Tukaweka 47 za volti 450. Kopo la zamani la alumini tuliliacha mahali pake, limekatwa waya, ili redio ionekane kama ilivyotoka kiwandani.

EL84 ya zamani ilikuwa imechoka. Mpya haikuwa shida kama watu wanavyodhani: valvu hii bado inatengenezwa, Slovakia na Urusi, kwa sababu wapiga gitaa wanaitaka kwenye amplifaya zao, ile Vox AC30 maarufu inatumia nne. Yetu ilikuja na mtu aliyetoka Johannesburg kwa basi, ikapita mpakani Kasumbalesa ndani ya soksi. Tulipoichomeka na kuondoa balbu, kathodi ikasoma volti 7.1 juu ya rezista ya omu 150, yaani miliampea 47. Gridi: sifuri. Jicho likajaa kijani. Jioni ile nilikaa peke yangu na redio ile kwa saa nzima, taa ya karakana nimeizima.

Pikapu

Hapa napita haraka, kwani ilikuwa kazi ya uvumilivu tu. Grisi ya zamani ilikuwa imeganda kama gundi. Tuliiosha kwa mafuta ya taa, tukaweka mafuta ya cherehani tone mojamoja. Gurudumu la mpira linalozungusha sahani lilikuwa gumu kama mfupa. Tulilipiga msasa laini hadi likashika tena. Kasi tuliihakiki kwa njia ya bibi na babu: alama ya chaki pembeni mwa sahani, saa mkononi, mizunguko 78 kwa dakika moja. Kwa 33 unahesabu mizunguko 100 kwa dakika tatu.

Kichwa cha pikapu ndicho kilichokuwa kimekufa kabisa. Vichwa vya wakati ule vilitumia fuwele ya chumvi inayoyeyuka kwa unyevu, na hiki kilikuwa kimegeuka ungaunga. Tuliweka kichwa cha kauri, kile chekundu cha bei nafuu kinachokuja na pikapu za kisasa za begi. Kinatoa volti za kutosha kwa redio ya valvu bila kuongeza kifaa kingine. Kwa kuwa ni cha stereo na santuri za 78 ni za mono, tuliunganisha njia zake mbili pamoja. Mtindo huu una faida: kelele zinazotokana na sindano kurukaruka juu na chini hufutana, na sauti, ambayo kwenye 78 imechongwa kwa kwenda kushoto na kulia, hubaki.

Santuri ya kwanza

Sasa nafika kwenye sehemu ambayo hainipendezi kuiandika.

Tulitaka kujaribu kazi yetu. Mezani kulikuwa na santuri tatu, na moja ilionekana safi kuliko nyingine, kwa sababu mpwa alikuwa ameshaipangusa. Tukaiweka hiyo. Sindano iliyokuja na kichwa chekundu ni ya santuri za kawaida za vinaili. Nilijua kwamba 78 zinahitaji sindano pana zaidi. Nikasema ni mara moja tu, tusikie kama redio inapokea.

Ikatoka kelele kama mafuta ya kukaangia mikate, na gitaa mbali sana nyuma yake. Kama nusu dakika nikadhani ni uzee wa santuri. Kisha mwanafunzi wangu akaniambia: «Papa, angalia sindano.» Kwenye ncha kulikuwa na unga wa kijivu, laini kama poda, unazidi kujikusanya kadiri sahani inavyozunguka. Nikainua mkono wa pikapu.

Santuri za 78 za kizazi kile hazikutengenezwa kwa vinaili. Ni sheleki, utomvu wa wadudu unaovunwa Asia ya kusini, uliochanganywa na unga wa jiwe. Unga ule uliwekwa makusudi: sindano za chuma za wakati ule zilikuwa zinasagwa na santuri yenyewe hadi zikapata umbo la mfereji. Sheleki inavumilia maji, lakini alkoli inaiyeyusha. Mafundi seremala wanalijua hilo, maana wao huiyeyusha sheleki kwa spiriti kila siku wapate vanishi. Kwa hiyo mpwa alipoipangusa santuri kwa alkoli, uso wake ulilainika, ukakauka tena ukiwa umechubuka na dhaifu. Halafu tukaja sisi na sindano yenye ncha ya maikroni 25 hivi, katika mfereji uliochongwa kwa ncha ya 75. Haikugusa kuta za mfereji, mahali sauti ilipo. Ilizama chini kabisa ikawa inayumba na kukwangua, chini ya uzito wa gramu tano au zaidi.

Nilimpigia mama simu siku ileile nikamweleza kilichotokea, kwa upande wa mpwa wake na kwa upande wetu. Alinyamaza kwa muda. Kisha akauliza kama zile mbili bado ziko nzima.

Wiki tatu tulisubiri sindano ya 78 yenye upana unaofaa. Zile mbili tuliziosha kwa maji safi ya vuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo, tukizungusha kitambaa laini kwa kufuata mfereji, karatasi ya katikati ikiwa imefunikwa isilowe, na kuzikausha mara moja. Maji yalitoka mekundu. Ndilo vumbi letu la kiangazi, limekaa ndani ya mifereji miaka yote ile. Tulipozipiga, gitaa lilikuwa mbele, karibu, unasikia kidole gumba kikitembea kwenye nyuzi za besi peke yake. Kabla ya kumkabidhi mama chochote tuliziingiza kwenye kompyuta kupitia tundu la kinasa sauti la nyuma ya redio. Kelele za santuri hatukuzichuja. Nakala moja imebaki kama ilivyotoka, na mwenye kutaka kuisafisha siku moja ataanzia hapo.

Nyumbani kwa mama

Redio ilirudi kwake, na kwa siku nne ikafanya kazi. Siku ya tano mpwa akapiga simu: jioni inafifia, stesheni zinapotea, jicho halifungi.

Nyuma ya redio hizi kuna kiteuzi cha volti, swichi ya kuilinganisha redio na umeme wa ukutani. Sisi tulikiweka kwenye 245 kwa sababu usiku wa manane tulipima 241 kwenye plagi. Lakini plagi hiyo ilikuwa ya karakana yetu, mtaa mwingine kabisa. Kwa mama, saa moja jioni, watu wote wakipika, testa ilisoma 180. Kwa kiteuzi cha 245, valvu zilizotaka volti 6.3 zilikuwa zinapata 4.6. Tulikirudisha kwenye 220 na kumshauri anunue stebilaiza. Inagonga «tak» kila inapobadili hatua na mlio huo unasikika kwenye spika, lakini mama anasema amezoea.

Kisha ukaja usiku wa umeme kukatika. Tulikuwepo, tumealikwa chakula, majirani wazee wawili wamekuja kusikiliza. Mpwa akawasha jenereta, taa zikarudi, santuri ikawekwa. Mimi niliona kila kitu kiko sawa. Kijana wangu pia. Mama akainua kichwa: «Hapana. Haiko vile. Beko banakimbia.» Yaani, wapigaji wanakwenda mbio.

Nikamwambia kwa heshima kwamba kasi tumeipima wenyewe. Akatikisa kichwa. Mzee mmoja akamuunga mkono: sauti ya mwimbaji imekuwa ya kijana mno. Nikatoa testa, nikaweka kwenye hazi, nikapima plagi. Ilisoma 52.6. Injini ya pikapu inafuata masafa ya umeme, na ukutani masafa ni hazi 50. Jenereta ndogo isiyo na mzigo mkubwa hukimbia zaidi. Asilimia tano ya kasi ni karibu nusu toni ya muziki. Wapigaji walikuwa wamehamishwa ufunguo, na watu wawili waliousikia wimbo ule utotoni waliligundua hilo kabla ya vyombo vyangu.

Tukachomeka pasi ya nguo kwenye jenereta ili ipate mzigo. Ikanguruma, ikashuka hadi 50.8. Tukarudisha sindano mwanzo. Mama hakusema neno; alianza kuimba sehemu ya kiitikio, sauti ya chini, na mzee akamfuata.

Matokeo

Miezi minane baadaye redio inafanya kazi karibu kila jioni. Gharama kubwa kuliko zote ilikuwa sindano ya 78, valvu ilifuata. FM inapokea stesheni chache tu kwa kuwa kipimo chake kinaishia megahazi 100, kama redio nyingi za Ulaya za wakati huo, na stesheni zilizo juu ya hapo hazipatikani. Mawimbi mafupi yanasumbuliwa na chaja na balbu za LED za nyumba nzima. Mama akizizima, usiku yanafunguka.

Mpwa aliomba tuweke bluetooth ndani. Tulikataa kukata mbao au kulehemu chochote kwenye chasisi. Badala yake kuna kipokezi kidogo cha nje kilichochomekwa kwenye tundu la pikapu la nyuma, kupitia rezista mbili za kilo-omu moja zinazounganisha kushoto na kulia kuwa mono. Kikichomolewa, redio inabaki ilivyokuwa. Kijana ameridhika, na sasa anacheza muziki wake humo Jumapili mchana.

Tulichopatia na tulichokosea

Upande wa umeme siubadilishi. Siku mbili za kuangalia bila kuwasha, balbu ya mfululizo, kipimo cha gridi valvu ikiwa nje: hatua hizo tatu ndizo zilizookoa transfoma ambayo haina mbadala hapa mjini. Kutogusa koili na kutoongeza kapasita kulitupa redio inayosikika kama yenyewe, na ndicho mama alichoomba.

Kosa letu la msingi lilikuwa la mpangilio. Tuliiona redio kuwa ndiyo kazi, na santuri kuwa vitu vya kuijaribia. Ukiangalia kinachoweza kupatikana tena, ilipaswa kuwa kinyume. EL84 inatoka kiwandani hata leo. Kapasita ziko kwenye kila televisheni iliyokufa. Santuri isiyo na jina ya mpiga gitaa wa Katanga huenda imebaki moja. Swali la kwanza kwa mama lingekuwa: santuri hizi zimeguswa na nani, kwa kitu gani? Mpwa alitujibu hata kabla hatujauliza, na tukaliandika jibu lake pembeni mwa ukurasa. Siku hizi fomu yetu ya kupokea ina mstari wa santuri juu ya mstari wa redio, na kwa kujaribia tuna santuri yetu wenyewe iliyopasuka, isiyo na thamani kwa mtu.

Mpwa wa mama simlaumu. Hakuna aliyemwambia kwamba kitu kinachong'aa kama plastiki kinaweza kuyeyushwa na dawa ya kusafishia simu. Wa kulaumiwa ni mimi, niliyejua upana wa sindano nikasema «mara moja tu».

Kosa la volti ni dogo lakini linajirudia kwa mafundi wengi: kupima umeme wa karakana badala ya umeme wa mteja. Sasa tunampa mteja testa kwa siku tatu, aandike asubuhi, jioni na usiku wa manane, kabla ya kuamua kiteuzi.

Na kuhusu kasi, nilizoea kuamini chaki na saa. Vipimo vile vilikuwa sahihi kwa umeme wa ukutani, na kwa umeme huo tu. Masikio ya mama yalikuwa na kumbukumbu ya miaka sitini, na niliyapinga kwa heshima lakini niliyapinga. Kwa redio zote zilizofuata, siku ya kukabidhi tunamwita mtu aliyewahi kuzisikia zikiwa hai, na tunakaa kimya wakati anasikiliza.

Santuri ya kwanza imelala kwenye karatasi safi, imesimamishwa wima, mbali na joto. Kwa sindano pana tuliisikiliza tena mara moja, na mwanzo wake unasikika chini ya kelele. Baada ya hapo ni mafuta ya kukaangia tu. Kuna sindano zilizokatwa ncha kwa vipimo mbalimbali, ambazo huweza kushika sehemu ya ukuta wa mfereji iliyo juu zaidi, pale ambapo ile yetu nyembamba haikufika. Tumeagiza mbili. Zikifika mama atakuja karakana, na kompyuta itakuwa inarekodi kabla sindano haijagusa.